Kwa nini glaida ya rimoti huongezewa uzito upepo ukikaza

Glaida haina injini. Ikishaachiwa hewani, kinachoivuta mbele ni uzito wake wenyewe inaposhuka. Ndiyo maana mtu anayeanza mchezo wa glaida za rimoti hushangaa, siku ya upepo mkali, akiwaona wazoefu wakifungua mwili wa ndege na kutumbukiza ndani vipande vya risasi au brasi, nusu kilo, pengine kilo nzima na zaidi. Ndege ambayo fundi alihangaika kuipunguzia gramu moja moja, leo inashindiliwa vyuma. Akiuliza sababu hujibiwa kwa mkato: "Ili ipenye upepo." Jibu si la uongo, ila halielezi kitu, na wengi wanaolishika hivyo hivyo huishia kuongeza uzito siku isiyofaa, au kuuweka mahali pasipofaa.

Uzito huu wa nyongeza nitauita farumi, kama mabaharia wanavyouita ule wanaouweka chini ya jahazi lisilo na shehena. Kazi yake ndani ya glaida ni tofauti kabisa na ya jahazini, lakini hilo tutalifikia.

Tuanze na upepo wenyewe. Watu wengi hudhani upepo unaisukuma ndege nyepesi kurudi nyuma, na ile nzito inakaza miguu ikauhimili. Kwa kitu kilichowekwa chini ni kweli: beseni tupu hupeperushwa uani na lililojaa maji halisogei. Ndege iliyo hewani haijakanyaga popote. Imo ndani ya hewa inayosafiri, na hewa hiyo ikihama inahama nayo, iwe ya gramu 300 au ya kilo 5. Glaida inayokwenda mita 9 kwa sekunde hewani, ikielekezwa kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde, machoni pa mtu aliyesimama kilimani itaonekana ikirudi nyuma mita 1 kila sekunde. Uzito peke yake haubadilishi hesabu hiyo. Inayobadilisha ni kasi. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: uzito unaongezaje kasi?

Nguvu ya bawa kuinua ndege inatokana na mambo manne: ukubwa wa bawa, densiti ya hewa, pembe ambayo bawa linaipokea hewa, na kasi, tena kasi kwa mraba wake. Ndege ikiruka kwa utulivu, nguvu hiyo inalingana na uzito wa ndege. Sasa ongeza uzito na uache bawa, hewa na pembe vilevile. Kilichobaki cha kupanda ni kasi tu. Na kwa kuwa kasi inahesabiwa kwa mraba, inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uzito: uzito ukiwa mara 1.44 ya ule wa awali, kasi inakuwa mara 1.2. Ukitaka kasi mara mbili utahitaji uzito mara nne, na hakuna glaida ya kawaida itakayokubali.

Warushaji wanaojua kazi hawatazami uzito peke yake. Wanatazama mzigo wa bawa, yaani gramu ngapi zinabebwa na kila desimita ya mraba ya bawa. Chukua glaida ya foamu ya kilo 1 yenye bawa la desimita 40 za mraba: mzigo wake ni gramu 25. Itie farumi ya gramu 440, unafika gramu 36. Nitaitumia glaida hii kwa hesabu zote zinazofuata. Tuseme ikiwa tupu huteleza vizuri zaidi kwa mita 9 kwa sekunde, na katika kasi hiyo huenda mita 15 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Ikiwa na farumi uwiano huo wa 15 kwa 1 unabaki palepale, ila sasa unapatikana kwa mita 10.8 kwa sekunde. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu akili inasema kizito lazima kianguke kwa mwinuko mkali zaidi. Hapana. Njia angani ni ileile, ina mshuko uleule. Inapitwa kwa haraka zaidi tu. Kwa kuwa inapitwa haraka, mita za kushuka kwa sekunde nazo zinaongezeka: kutoka 0.60 hadi 0.72.

Mtu makini ataniuliza: ikiwa shida ni kasi, si niinamishe pua tu? Glaida tupu ikiinamishwa pua nayo itafika mita 10.8. Kweli, na jibu la haki ni kwamba kwa ongezeko dogo kama hilo farumi haina faida ya kujivunia. Glaida tupu iliyoinamishwa hadi mita 10.8 hushuka kama mita 0.77 kwa sekunde. Yenye farumi hushuka 0.72. Tofauti ya sentimita 5 kwa sekunde hutaiona kwa macho.

Mambo yanageuka kasi inapozidi. Ukinzani wa hewa unaotokana na umbo la ndege unapanda kwa mraba wa kasi, na ndege nyepesi inayolazimishwa kwenda mbio inaulipia wote kutoka kwenye uzito wake mdogo. Kwa mita 13.5 kwa sekunde glaida yetu tupu inashuka mita 1.2 kila sekunde, yenye farumi mita 1.0. Kwa mita 18, tupu inashuka takribani 2.5 na yenye farumi 1.9. Sasa rudi kwenye ule upepo wa mita 10. Ili usonge mbele kwa heshima unahitaji angalau hizo mita 13.5. Kutoka kimo cha mita 30 juu ya ardhi tambarare, glaida tupu itasogea kama mita 87 kabla ya kugusa chini. Yenye farumi itafika zaidi ya mita 100. Hiyo ndiyo maana ya "kupenya": uwezo wa kwenda haraka bila kulipa urefu mwingi.

Na hesabu hii inaipunja farumi kidogo. Mabawa madogo hufanya kazi kwa shida katika kasi ndogo, kwa sababu hewa inayopita juu ya bawa jembamba, linalokwenda polepole, huachana nalo mapema. Kasi ikipanda, hewa hulishikilia bawa vizuri zaidi, na ukinzani ukilinganishwa na nguvu ya kuinua unapungua. Kwa ndege kubwa za abiria jambo hili halina uzito mkubwa. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 15 au 20 ni faida ya kweli.

Kuna pia suala la upepo usio na adabu. Upepo wa kilimani hauji kama maji ya bomba. Unakuja kwa mikupuo. Mkupuo ukiipiga glaida nyepesi unairusha juu, unaigeuza ubavu, na rubani anatumia muda wake wote kurekebisha. Kila rekebisho ni ukinzani, na kila ukinzani ni urefu uliopotea. Mzigo wa bawa ukiwa mkubwa, mkupuo uleule unaitikisa ndege kidogo. Nadhani hii ndiyo sababu wengi wakishaonja farumi hawaiachi: ndege inatulia mkononi, inakwenda pale unapoielekeza.

Ukitaka kuona farumi ikitumiwa kwa umakini, tazama mashindano ya F3F, daraja la Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI) linaloshindanisha glaida kwenye kingo za vilima. Ndege hukimbia kati ya alama mbili zilizoachana mita 100, mara 10, kwenda na kurudi, na hali ikiwa nzuri mabingwa humaliza chini ya sekunde 30. Kanuni zinaruhusu kushindana kuanzia upepo wa mita 3 hadi mita 25 kwa sekunde. Uzito wa ndege usizidi kilo 5, na mzigo wa bawa usipite gramu 75 kwa desimita ya mraba. Glaida za daraja hili zina mabawa ya karibu mita 3 kutoka ncha hadi ncha, na nyingi zina zaidi kidogo ya kilo 2 zikiwa tupu. Zikijazwa hupita kilo 4.

Mojawapo ya sehemu maarufu za mchezo huu ni Great Orme, rasi ya mawe ya chokaa yenye kimo cha mita 207 juu ya mji wa Llandudno, Wales, ambako upepo wa bahari unagonga jabali na hauna pa kwenda ila juu. Rubani wa mahali kama hapo huwa na kisanduku chenye vitundu, kila kitundu na kipande chake cha brasi kilichoandikwa uzito, na ndani ya kifuniko amebandika karatasi yenye jedwali: kwa gramu 400 weka vipande hivi nafasi ya kwanza na ya pili, kwa gramu 900 jaza pia bomba za mabawa. Jedwali amelitengeneza nyumbani kwa mizani, mezani, bila haraka. Kilimani hahesabu, anasoma tu. Na bado, hadi dakika ya mwisho kabla ya zamu yake, utamwona akitoa kipande kimoja, akikirudisha, akitazama bahari.

Anatazama nini? Mgeni atadhani anapima kasi ya upepo. Kwa kweli anapima kupanda kwa hewa, na hilo ni jambo lingine. Farumi inalipwa na hewa inayopanda. Glaida ikishuka mita 1.5 kwa sekunde ndani ya hewa inayopanda mita 2, inapata nusu mita kila sekunde, na rubani anaweza kuubadilisha urefu huo kuwa kasi. Lakini upepo ukija kwa kukingama, ukauparuza mteremko badala ya kuugonga usoni, kipima upepo kitasoma namba kubwa huku hewa inayopanda ikiwa haba. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kujaza farumi: upepo unakutisha uongeze, mteremko hauna cha kukulipa. Kinyume chake, jabali la wima linalotazamana na upepo wa mita 8 tu linaweza kubeba farumi ambayo kilima cha mviringo hakitaiweza hata kwa mita 12. Nikiambiwa nichague ushauri mmoja wa kumpa anayeanza, ni huu: rusha kwanza ndege ikiwa tupu, uone inapanda kwa nguvu gani, ndipo ufungue kisanduku.

Kuna tawi la mchezo ambalo limeupeleka uzito mbali zaidi. Marubani wake hawarushi upande unaopigwa na upepo, bali nyuma ya ukingo, ambako hewa tulivu inapakana na upepo mkali unaopita juu. Glaida inazungushwa ikivuka mpaka huo tena na tena, na kila mzunguko inachota kasi. Januari 2021, huko Parker Mountain, California, Spencer Lisenby alifikisha glaida yake kilomita 882 kwa saa, bila injini. Ndege za namna hii ni nzito kwa makusudi, maana nyepesi ingepoteza mwendo wake wote kabla haijafika mpakani upande wa pili.

Gharama sasa. Ya kwanza inaonekana hewa ikiwa dhaifu. Glaida yetu tupu, ikirushwa taratibu kabisa, inaweza kushuka kwa mita 0.53 tu kwa sekunde. Yenye farumi haiwezi kupungua chini ya 0.63. Ikitokea hewa inapanda kwa mita 0.6, ya kwanza inabaki juu na ya pili inateremka polepole hadi chini ya kilima, na mwenyewe anateremka kuifuata.

Ya pili ni kona. Ikilalia nyuzi 45 kwa kasi yake nzuri, glaida tupu inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 8 hivi. Yenye farumi inahitaji karibu 12. Anayefuata hewa moto inayopanda kwenye duara jembamba atalihisi hilo mara moja. Ya tatu ni kustoli, pale bawa linapokosa kasi ya kutosha na kuacha kuinua. Kama tupu hustoli kwa mita 6.5, yenye farumi itastoli kwa 7.8, na rubani aliyezoea ile ya kwanza ataigeuza kona kwa kasi aliyoizoea, ndege idondoshe bawa moja na kujikita ardhini.

Kutua nako kunahitaji akili. Hewa ikiwa tulivu, uzito mara 1.44 pamoja na kasi mara 1.2 vinafanya nishati ya mwendo ipite mara mbili ya ile ya awali, na nishati hiyo lazima iishie mahali: kwenye nyasi ukibahatika, kwenye mashina ya mabawa usipobahatika. Upepo wa usoni unasaidia sana, kwa kuwa unakula karibu kasi yote ya kutua. Tatizo ni kwamba juu ya vilima vingi, nyuma tu ya ukingo, hewa huzunguka ovyo, na upepo unaweza kukatika ghafla ukiwa na mita 2 za kushuka. Marubani wa glaida kubwa za mashindano, zile zinazopanda mtu ndani, wana ahueni ambayo sisi hatuna: farumi yao ni maji yaliyo ndani ya mabawa, pengine lita 150 hadi 200, na kabla ya kutua hufungua vali wakayamwaga, utaona michirizi myeupe ikifuata ndege. Vyuma vya glaida ya rimoti ulivyopaa navyo utatua navyo.

Kuhusu mahali pa kuweka farumi, hapo ndipo mfano wa jahazi unapoachana nasi. Jahazini farumi inakaa chini kabisa ili chombo kisipinduke. Ndani ya glaida haihusiki na kusimama wima. Inatakiwa ikae penye kitovu cha uzito, ile nukta ambapo ndege inasawazika ukiishikilia kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Wala isichanganywe na risasi ya puani. Ile ya puani inawekwa mara moja, kusawazisha mkia, na haiguswi tena. Farumi inaingia na kutoka, na kila inapoingia usawa unatakiwa ubaki pale ulipokuwa.

Kosa dogo hapa lina bei kubwa. Weka gramu 300 milimita 20 tu nyuma ya kitovu cha ndege ya kilo 1: kitovu kipya kitarudi nyuma milimita 4.6. Kwa bawa la upana wa milimita 200 hiyo ni zaidi ya asilimia 2 ya upana wake, inatosha kuifanya ndege iliyokuwa mtulivu iwe na kichwa kigumu, inayoinua pua yenyewe. Njia ya uhakika ni bomba linalopita chini ya bawa, katikati yake ikiwa sawa na kitovu, na vipande vijazwe kuanzia katikati kwenda pande zote mbili. Nafasi inayobaki izibwe kwa vipande vya mbao nyepesi. Ukimaliza, shika ndege karibu na sikio uitikise. Ukisikia kitu kikigonga, fungua tena.

Glaida kubwa za rimoti huwa na bomba za farumi ndani ya mabawa. Faida yake ni kwamba uzito ulioenea kwenye bawa unabebwa na bawa palepale, hivyo mhimili wa bawa, ule mti wa ndani unaolishikilia, haupindwi sana kama pale uzito wote ukiwa kwenye mwili wa ndege. Hasara ni kwamba ndege inakuwa nzito kulala na kuinuka ubavu. Kwa glaida ya foamu usihangaike na hilo, ila soma mtengenezaji anasema mhimili unahimili uzito gani, na usiupite.

Vyuma vyenyewe vinachaguliwa kwa nafasi iliyopo. Kipande cha duara chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 50 kikiwa cha chuma cha kawaida kina gramu 44. Cha brasi 48 hivi. Cha risasi 64. Cha tangsteni karibu 109. Tangsteni ni ghali, na wanaoinunua ni wale ambao bomba limejaa na bado wanataka zaidi. Risasi inapatikana popote penye wavuvi, maana chubwi zao zimetengenezwa nayo. Vile vipande vya kubalansi magurudumu vinavyookotwa kwa mafundi wa tairi, siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, kwa hiyo pima kwanza. Na risasi ni sumu. Isiyeyushwe jikoni wala kwenye sufuria itakayorudi jikoni, ifungwe kwa tepu au ipakwe rangi, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Jambo moja la mwisho linawahusu zaidi wanaorushia nyanda za juu za kwetu. Majedwali mengi ya farumi yameandikwa na watu wanaorushia karibu na usawa wa bahari. Kwenye kilele cha Ngong, kimo cha mita 2,400 hivi, hewa ina karibu asilimia 78 tu ya densiti ya hewa ya Mombasa. Ile glaida yetu tupu iliyokuwa ikiteleza kwa mita 9 kwa sekunde pwani, pale juu itateleza kwa 10.2 kabla hujaigusa. Kwa upande wa kasi ni kana kwamba umekwisha kuitia gramu 280, na itastoli na kutua kwa kasi hiyohiyo ya juu, bila ile faida ya hewa kulishika bawa vizuri zaidi. Kwa hiyo anayepandisha ndege yake kutoka pwani na jedwali lake mkononi aanze na farumi iliyo nyepesi kwa safu mbili kuliko ile ambayo kipima upepo kinamwonyesha, arushe, kisha aongeze kipande kimoja kimoja kadiri mteremko unavyomruhusu.